Siku Nilipompitisha Mheshimiwa Njia ya Chini

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, ndani ya saluni ya Deo kinyozi wetu pale Pasua, Moshi mjini, Bunge zima lilipoanza kunicheka. Halikunitaja jina, na naamini hadi leo wabunge wengi hawajui kama nipo duniani, lakini wale waliokaa nami mbele ya televisheni walijua vizuri anayechekwa ni nani, kwa sababu ni mimi niliyewaita, nikawanunulia soda, nikawaambia wanyamaze wasikilize. Aibu hiyo peke yake ningeimudu, maana mtu mzima hacheki kila siku, siku nyingine anachekwa. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba kicheko kile hakikuishia kwangu. Kilipanda mlima hadi Marangu, kikaingia jikoni kwa bibi mmoja ambaye hakuwa ameomba kitu kikubwa.

Naitwa Evarist. Nina duka dogo la nati, bolti na mikanda ya mashine, na darasani niliishia la saba. Yaliyobaki nimejisomea: sheria za ardhi za vijiji, kanuni za Bunge, taarifa rasmi za mijadala, ambazo huzipakua kwenye simu na kuzisoma dukani wateja wanapoadimika (mke wangu anasema wateja wanaadimika kwa sababu nasoma). Ndivyo nilivyofahamiana na Mheshimiwa Elifrida, mbunge wa viti maalumu wa chama cha upinzani. Siku moja alifanya mkutano mjini, nikasimama nikamweleza kwamba hoja yake iliyokwama bungeni angeweza kuirudisha kwa njia ya swali la msingi, watu wakaguna, yeye akacheka, na baada ya mkutano akaniomba namba ya simu. Kuanzia hapo nikawa mtu wake wa kukusanya kero za huku kwetu, kazi isiyo na mshahara wala barua, ila niliifanya kwa moyo na, niseme ukweli, kwa maringo kidogo.

Kero yenyewe ilikuwa ya umeme. Huko juu kuna vitongoji vilivyohesabiwa serikalini kuwa ni mji mdogo, ingawa ukifika unakuta migomba, kahawa na ng'ombe, kwa hiyo anayetaka kuvutiwa umeme analipishwa gharama za mjini. Nguzo zinapita juu ya bati la mtu, na chini ya bati mtu anawasha kibatari. Ukiongeza na wazee wanaosubiri ruzuku ya kaya maskini ambayo huja leo na kesho haiji, Mheshimiwa alikuwa na maswali mawili mazuri kabisa, nami nilimsaidia kuyapanga. Akanipigia.

"Kaka Evarist, maelezo yako yamenyooka, lakini Bunge halisikii maelezo. Nitafutie mtu. Mtu mwenye jina na uso, nikimtaja wanyamaze."

Nilikuwa na watu wawili kichwani. Wa kwanza ni Mama Restituta, mjane anayekaa ng'ambo ya korongo, hana umeme, hana dalili ya kuupata, nyumba yake ukiiona unaelewa swali lote bila kuelezwa. Tatizo lake ni kwamba mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kule ni ya kushuka ukishikilia miti, halafu kijana wake wa kiume huanza kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, asubuhi, na mbege ikishampanda hutukana mgeni bila kuangalia ni nani. Wa pili ni Bibi Filomena. Yeye gari linafika karibu kabisa, ni mchangamfu, anazungumza maneno yaliyonyooka, na jiko lake limeingia masizi hadi linang'aa. Nikamchagua Bibi Filomena. Nilijiambia nachagua kwa utaratibu. Kumbe nilikuwa nachagua kwa uvivu na kwa kutaka picha nzuri.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa huku atalielewa kabla sijamaliza, ila wengine huenda wakashangaa. Bibi Filomena ana nyumba mbili katika kihamba chake, yaani shamba lile la migomba ambamo familia inaishi na kuzikana. Ya kwanza ni nyumba kubwa ya vigae iliyojengwa na watoto wake waliopo Dar es Salaam na Arusha, ina veranda yenye nguzo nne na geti la chuma lililochorwa tai. Hiyo ni nyumba ya Desemba. Watoto hupanda wote kwa Krismasi, wanachinja, wanabatiza, wanagombana kidogo, na mwaka mpya ukishapita kaka mkubwa, Prosper, anazima swichi kubwa ya umeme iliyo ndani, anafunga milango yote na kuondoka na ufunguo, kwa sababu mwaka mmoja waliuacha kwa binamu wakarudi wakakuta godoro limeondoka. Ya pili ni jiko la mbao lililo nyuma, lenye moto katikati, kitanda cha Bibi upande mmoja, na ng'ombe wake upande wa pili wa ubao. Humo ndimo anamoishi, Januari hadi Desemba, na hata Desemba wanapomlaza kwenye nyumba kubwa, alfajiri wanamkuta amesharudi jikoni.

Alichokuwa akikiomba ni taa moja. "Mwanangu, mimi sitaki mambo mengi," aliniambia nilipokwenda kuonana naye. "Nataka taa moja hapa jikoni nione ninachokamua. Kibatari hiki ng'ombe akikipiga mkia siku moja tutaungua sisi wawili."

Nikafikiri, nikapima. Anaishi gizani? Anaishi gizani. Nguzo inapita juu yake? Inapita. Nyumba kubwa ni yake? Si yake, hana hata ufunguo. Kwa hiyo sikuwa nadanganya, na mtu asiyedanganya (ndivyo nilivyojiridhisha) halazimiki kueleza kila kitu.

Siku ya ziara tulifika na gari la Mheshimiwa mchana, yeye, dereva wake aliyekuwa pia mpiga picha, na mimi. Kutoka barabarani kuna njia mbili za kuingia kwa Bibi. Ukipita juu unaingilia kwenye lile geti la tai na nyumba unaipita mbele yake yote. Ukipita chini unafuata mfereji, unazama kwenye migomba, na unatokea moja kwa moja mlangoni pa jiko bila kuona kigae hata kimoja. Nilisema, "Mheshimiwa, tupite hapa chini, ni karibu." Basi, ni hayo tu. Na ni kweli njia ya chini ni fupi. Nimeyapitia maneno yale mara nyingi nikitafuta uongo uko wapi, siuoni, na bado najua upo.

Bibi alitupokea vizuri mno. Tulimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia marahaba huku akifuta viti kwa upindo wa kitenge, akatupa maziwa ya moto na ndizi, akamshika Mheshimiwa mkono akamwonyesha mahali anapolala na mahali anapokamulia. Mheshimiwa, ambaye mwenyewe amelelewa Machame na anajua moshi wa kuni, alitokwa na machozi na sidhani kama ulikuwa moshi. Dereva alipiga picha za video. Hakuna aliyezunguka kwenda mbele. Bibi naye hakuitaja nyumba kubwa, nadhani kwa sababu kwake kutaja nyumba ya watoto pale ingekuwa kama kutaja kanisa: ipo, kila mtu anajua ipo.

Tukiwa kwenye gari tunateremka kwenda Himo, Mheshimiwa akaniuliza, "Kaka Evarist, kuna kitu kingine chochote natakiwa kukijua kuhusu huyu mama?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Ile video aliirusha mtandaoni wiki hiyo hiyo, jina la Bibi, kijiji, kila kitu. Ilisambaa. Watu wakaandika maneno ya huruma, nami dukani nikawa natembea kama niliyepandishwa cheo. Swali lilipopangiwa siku, nikawaita majirani saluni kwa Deo kwa kuwa ana televisheni kubwa, nikavaa koti (katika joto la Pasua), nikanunua kreti ya soda.

Naibu Waziri alilijibu swali la msingi kwa majibu yale ya kila siku, serikali inaendelea kufanya tathmini. Hilo tulilitegemea, risasi zetu zilikuwa kwenye maswali ya nyongeza. Mheshimiwa Elifrida akasimama, akaeleza habari za Bibi Filomena vizuri, nikasema kwa sauti, "Sikilizeni sasa." Akauliza ni lini mama huyu na wenzake watatolewa gizani, na la pili, ni lini wazee kama yeye watapata ruzuku yao bila kuchelewa. Akakaa.

Naibu Waziri akainuka na karatasi. Nilipoiona ile karatasi nikaiweka soda yangu chini, kwa sababu swali la nyongeza halipelekwi mapema, na mtu hawezi kuwa na karatasi ya jambo ambalo hakulitegemea, isipokuwa kama lilikuwa mtandaoni wiki nzima.

"Mheshimiwa Spika, naomba nimtoe hofu Mheshimiwa Mbunge. Tulipoiona video hiyo tuliwatuma wataalamu wetu wa Moshi wakafika. Mama huyo ana umeme, mita ipo ukutani. Nyumba yake, kwa maelezo ya majirani, ina vyumba saba, sebule mbili na paa la vigae. Nimshauri tu dada yangu, siku nyingine akienda kwa wananchi, apite geti la mbele."

Bunge likapasuka. Wakapiga meza. Mheshimiwa alisimama kuomba mwongozo, hakupewa, na anayeongoza kikao naye akashindwa kuuzuia uso wake, akasema, "Mheshimiwa, geti halikufungwa," wakaanza upya. Lile swali la ruzuku ya wazee halikujibiwa hata kwa kudanganywa, na vitongoji vyote vile vinavyolipishwa bei ya mjini vilizama humo humo. (Baadaye niliisoma taarifa rasmi ya siku hiyo. Pale wameandika neno moja tu kwenye mabano: Kicheko.)

Jamaa mmoja aliyenyolewa nusu kichwa akanigeukia na kiti chake, akaniita kwa jina wanalotuitia watu wa mlimani.

"Mangi, kumbe bibi yako ana vyumba saba?"

"Si vyake," nikasema.

"Ni vya nani, vya ng'ombe?"

"Vya watoto. Ni nyumba ya Desemba."

"Sasa si ungemwambia mbunge! Hapa kuna mtu hajui nyumba ya Desemba? Hata huyo Naibu Waziri bibi yake anayo!"

"Mwacheni," Deo akasema, akaongeza baada ya kuwasha mashine yake ya kunyolea, "Evarist anapanga chumba na sebule hapa Pasua, lakini ni mtetezi wa wenye vyumba saba. Huo ni upendo, jamani."

Walicheka hadi mmoja akamwaga soda niliyomnunulia mimi. Nikavua koti.

Mheshimiwa alinipigia jioni. Nilitamani anitukane.

"Ile nyumba uliiona?"

"Niliiona, Mheshimiwa. Naijua miaka yote."

"Ukanipitisha chini."

"Ndiyo."

"Kaka Evarist, ungeniambia. Ningesema mimi mwenyewe mbele ya Bunge: mama huyu ana nyumba yenye umeme iliyofungwa, na analala na kibatari, na mko wangapi humu ndani mnaofanya hivi kwa mama zenu? Wangeinamisha vichwa, maana nusu yao wamefunga nyumba kama hizo. Sasa siwezi kulisema tena. Nikisimama tu wanasema geti."

Alinitakia usiku mwema. Hajanipa kazi nyingine tangu siku hiyo, na haki yake.

Ningekuwa nimeaibika mimi na yeye tu, ningesema tumegawana. Lakini wahusika wa ruzuku nao wana televisheni. Siku chache baadaye walifika kwa Bibi, safari hii wakapita geti la juu, wakatazama vigae, wakamwambia kaya yenye nyumba ya namna ile haiwezi kuwa kaya maskini, wakamwondoa kwenye orodha ya wanaopewa ruzuku. Alijaribu kuwaeleza kuhusu ufunguo. Mmoja akamwambia kwa upole, "Bibi, ufunguo si kigezo."

Na Prosper akaja. Jumamosi nilipanda Marangu nikiwa nimechuma jani la isale kwenye ua wa kihamba cha marehemu baba, nikalifunga fundo, maana kwetu ukimkosea mtu kosa kubwa unampelekea isale kuomba msamaha, na isale haikataliwi. Nilipita geti la juu. Nilikuta gari jipya uani, milango ya nyumba kubwa imefunguliwa yote kama Krismasi, na Prosper amesimama kwenye veranda, mtu mnene, mpole wa sura, ambaye macho yake yalionyesha hajalala.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka. Nimekuja na isale."

"Unajua ofisini kwangu wananiitaje? Wananiita Geti. Mimi niliyemjengea mama nyumba kabla sijajijengea yangu." Akafuta machozi kwa kiganja. "Umenifanya mtoto anayelaza mama yake na ng'ombe."

Bibi alikuwa amekaa sebuleni, pembeni kabisa ya kochi ambalo bado lina nailoni ya dukani, viatu amevivua kaviweka mlangoni. Akasema bila kupandisha sauti, "Prosper, muache. Hakusema uongo. Mimi nilimwambia sina taa, na sikuwa nayo. Ufunguo ulikuwa nao wewe."

Prosper aliinama. Ningependa niandike kwamba hapo mambo yalitengemaa, kwamba alivuta waya mmoja kutoka nyumba kubwa hadi jikoni, kazi ya fundi ya nusu siku, na Bibi akapata taa yake. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mbele ya mama yake, kwa utaratibu, nikamtajia hadi unene wa waya. Akanitazama kama mtu anayetazamwa na jirani dirishani.

"Nivute waya mpaka jikoni, ili wakija tena na kamera wamkute humo humo? Hapana. Mama atalala ndani. Nimeshamwambia dada wa kazi anakuja kesho. Lile jiko linabomolewa, sitaki lionekane tena na mtu yeyote."

"Na ng'ombe?" Bibi akauliza.

"Mama, ng'ombe hawezi kukaa hapa mbele. Nzi wataingia sebuleni."

Bibi hakubishana. Kwa umri wake, na mwanawe analia mbele ya mgeni, angesemaje? Nikapiga goti nikampa isale. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akalilaza mapajani.

"Nimepokea," alisema. "Nimekusamehe, sina kinyongo na wewe. Ila isale haiwashi taa, mwanangu."

Nimerudi kumwona mara mbili. Ana taa sasa, ana nyingi, sebule ile inawaka kama ukumbi wa harusi, na anakaa chini yake akiwa amekunja mikono kwa sababu hakuna cha kukamua. Aliniambia humo ndani hata akitaka kukohoa anajihisi kama anaomba ruhusa. Moto anauwasha dada wa kazi, wa gesi, na Bibi haruhusiwi kuugusa.

Mama Restituta ng'ambo ya korongo yuko gizani vile vile. Nilikwenda kwake pia. Njia ni mbaya kweli, nilianguka mara moja, na mwanawe alinitukana kama nilivyotarajia, kisha akanisaidia kupanda. Sikupiga picha. Nimejiwekea mwiko: sitamwongoza tena mgeni yeyote kwa njia iliyo fupi kama kuna nyingine inayopita mbele ya nyumba, na nikiulizwa kama kuna kingine cha kujua nitasema kipo, kwa sababu siku zote kipo.

Kazi ya kumtafutia ng'ombe mnunuzi Prosper alinipa mimi, akisema nimezoea kushughulikia mambo ya mama yake. Nilimpeleka mnadani mwenyewe, kwa kamba, Bibi akitusindikiza hadi kwenye geti la tai na kurudi ndani kabla hatujafika barabarani. Hela nilimkabidhi Bibi mkononi siku ile ile. Hakuzihesabu, akazitia chini ya mto wa kochi: shilingi laki nane na elfu sabini.